Nipokee Jina

Mashine ilimfunga Mama Béatrice asubuhi ya siku ya treni, chai yake ikiwa bado ya moto. Alikuwa ameandika kama kawaida yake: "Roger Numbi, mutoto ya Béatrice. Alitoka Kindu kwenda Kibombo kuleta muchele. Mwenye kumuona amuambie tunamungojea." Alipobonyeza, simu ikamjibu kwamba akaunti yake imefungwa kwa kosa la kurudia ujumbe uleule.

Akaenda moja kwa moja chumba cha mbele, anakofanyia kazi binti yake, Falonne, akaitupa simu mezani.

"Njo nini hii? Iko makosa kuita mutoto yangu?"

Falonne akasoma. Yeye ndiye meneja wa Tunaita, uwanja wa mtandaoni ambako watu wa jimbo la Maniema, Kongo, wanawatafuta ndugu waliopotea wakati wa vita. Anawakaribisha wanachama, anaamua ugomvi wao, na anawaambia mafundi nini cha kujenga. Mafundi wenyewe wako Antananarivo, ng'ambo ya bahari, na mkubwa wao anaitwa Hery, kijana mpole asiyepandisha sauti hata ukimtukana. Wenye mradi wako Ulaya, na hao huwa hawaonekani mpaka kuwe na jambo la kukataza.

Mgeni hawezi kujua, basi na aambiwe. Vita vilipokata reli, Roger, kaka yake Falonne, alikuwa ameshafika Kibombo. Treni haikurudi, na Roger hakurudi. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi Kindu. Akina mama wakawa wanateremka mtoni, bandarini, kila mtumbwi ulipofika kutoka Lokandu, wanaita kwa sauti: jina la mtu, jina la mama yake, na alikokwenda. Vita vilipokwisha na treni ikarudi, wakahamia stesheni. Jina haliachwi mpaka mtu aonekane, mzima au maiti. Kuliacha kabla ya hapo ni kumzika kwa mdomo wako mwenyewe. Sauti ikikauka, unamgeukia jirani unamwambia "Nipokee", kama mwenye mzigo kichwani, naye anaendelea na jina lako mpaka upate pumzi. Halima, muuza samaki, alimpokea Béatrice msimu mzima alipougua kifua. Falonne, aliyebebwa mgongoni katika kelele hizo, hakuwahi kuita mwenyewe. Mama yake alikuwa na sauti ya kutosha watu wawili.

Siku hizi wengi wanaita kupitia simu, lakini siku ni zilezile za treni na maneno ni yaleyale. Hayo ndiyo iliyoyaona mashine kuwa takataka.

Falonne alimpigia Hery kwa video, mama yake akiwa amesimama nyuma ya kiti.

"Umemfunga mama yangu."

"Si mimi, ni kichujio kipya," Hery akasema. "Leo tumekijaribu kwa wachache. Wenye mradi wanataka ukurasa safi. Mtu akirudia maneno yaleyale, wanahesabu ni tangazo la biashara."

"Wewe ukipotelewa na mtoto, utabadilisha maneno kila wiki ili usiwachoshe wasomaji?"

Hery akatazama pembeni. "Kesho kinaanza kwa wote. Kinangoja idhini yako tu."

"Sitoi."

"Falonne, watakuondoa."

"Waniondoe!"

Béatrice hakungoja mwisho. Alijitanda kitenge, akateremka hadi bandarini kwa Halima, akamwambia neno moja tu: "Nipokee." Halima akafuta magamba ya samaki mikononi, akachukua simu yake, akamwandika Roger. Mume wa Halima mwenyewe, Waziri, aliyepotea pia, akaandikwa na Joëlle wa meza ya pili, na ndugu yake Joëlle akaandikwa na Hamidou, mchimbaji wa dhahabu kwenye machimbo ya Kama. Kabla ya saa sita kila mtu alikuwa amebeba jina la mwenzake, na mashine, maskini, ikaona kila akaunti inasema jambo jipya. Falonne aliutazama ukurasa ukijaa, akacheka peke yake mpaka machozi.

Hery akapiga tena. "Wakubwa wameona. Wanataka uzifunge akaunti hizo zote kwa mkono wako."

"Mkono wangu haufanyi kazi hiyo. Waambie nimekataa. Uandike hivyo hivyo, nimekataa, usinitilie maneno ya adabu."

Mchana kompyuta ikaikataa nywila yake. Akajaribu tena, ikakataa tena. Kazi aliyoijenga tangu siku ya kwanza ilikuwa imekwenda, na iliuma, tusidanganyane. Mama yake aliporudi na simu ya Halima mkononi, alimkuta ameinamia meza.

"Wamenifunga na mie, Mama."

"Najua. Angalia."

Juu kabisa ya ukurasa Halima alikuwa ameandika: "Falonne Numbi, mutoto ya Béatrice. Asubuhi alikuwa hapa. Mwenye kumuona amuambie tunamungojea." Chini yake Joëlle ameandika vilevile, kisha Hamidou, kisha watu wa Lubumbashi ambao Falonne hakuwahi kuwaona kwa macho. Jina lake lilishuka na kushuka, na kidole chake hakikufika mwisho.

"Lakini mimi niko hapa," akasema.

"Hata Roger iko mahali," Béatrice akajibu. Kisha akageuza sikio upande wa stesheni. Treni ilikuwa inapiga honi. Akajishika kifua. "Nimechoka, mama yangu. Nipokee."

Falonne akaiacha kompyuta wazi mezani. Wakapita katikati ya magunia na baiskeli mpaka kwenye reli, watu wakiwa wanashuka na mizigo yao. Akasimama pale aliposimama mama yake miaka yote, akavuta pumzi.

"Roger Numbi!" Abiria wakageuka. "Roger Numbi, mutoto ya Béatrice! Alitoka Kindu kwenda Kibombo kuleta muchele!"

Akaita behewa hadi behewa, maneno yaleyale, bila kubadilisha hata moja.