Jani la Kufunikia Chungu

Jumatatu ya pili ya Juni, mwaka 1949, Kokugonza aliepua chungu cha ndizi na maharage, akaondoa jani la mgomba lililokifunika, akalikung'uta maji na kumpa mumewe. Aroni alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga. Upande wa ndani wa jani, uliopigwa na mvuke, palikuwa na maneno mawili ya Kihaya, kwa tahajia ya misheni: Rudisha kibanja. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: Kokugonza, jino hilo ling'olewe kabla ya Ijumaa.

"Neno lako linasemaje?" Kokugonza aliuliza.

"Kama jana."

Mwongozo ulianza kufika kijijini Nyanga wiki moja baada ya Pasaka. Wahubiri wa uamsho walikuwa wamefundisha kwamba Mungu humwelekeza kila mtu peke yake, kwa hiyo majani yalipoanza kuandikwa, Walutheri walijifunza kuyafunua polepole ili wino usichuruzike. Wakatoliki nao walipata yao, ila waliyapeleka kwanza kwa padri. Mwinjilisti Kagaruki aliambiwa afupishe mahubiri, akayafupisha. Kila ujumbe ulianza kwa jina la mhusika, isipokuwa ule wa Aroni.

Kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, kilikuwa cha marehemu mdogo wake, Ishengoma, aliyefariki miaka mitatu kabla bila mtoto wa kiume. Baraza la ukoo lilikutana kutwa moja na kumpa Aroni kibanja, kama desturi ilivyo. Mjane wa Ishengoma, Penina, alijenga kibanda huko rweya, kwenye nyika ya majani inayoanza pale migomba inapoishia, ambako wanawake hulima njugu mawe. Rweya haioti mgomba. Kwa hiyo kila asubuhi Penina alipita kwenye kaburi la mumewe, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe Ishengoma, akakata jani moja la kufunikia chungu.

Majani ya Penina yalijaa. Penina, leo mvua itafika saa nane, anua nguo mapema. Sindano iko chini ya mkeka, upande wa mlango. Kikohozi hicho kitapita. Wimbo uliouimba jana nimeusikia.

Aroni alipata mazoea ya kupita rweya saa ya kufunua chungu. Aliomba kusoma, na Penina hakumnyima. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, kisha akarudi nyumbani. Siku moja alihesabu maneno, akapata arobaini na moja. Siku iliyofuata yalikuwa hamsini. Usingizi ukampungua. Kokugonza alipomwambia kwamba jino limeng'olewa kwa wakati ulioelekezwa, na bila maumivu, aliinuka akaenda kukaa nje.

Mwezi wa Agosti alikwenda kwa Kagaruki.

"Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tisa," alisema. "Naandikiwa maneno mawili. Yule mwanamke anaambiwa sindano ilipoangukia."

Kagaruki alimuuliza kama ameyatenda hayo mawili. Aroni alijibu kwamba ujumbe hauna jina, na vibanja ni vingi. Akaongeza hoja nyingine, ambayo alikuwa ameifikiri kwa wiki mbili: majani ya Penina yalikatwa kwenye migomba yake yeye Aroni. Mwenye mgomba ndiye mwenye jani, na mwenye jani ndiye mwenye kilichoandikwa juu yake. Inawezekana kabisa kwamba ujumbe wake unapotelea rweya kila siku.

Wazee wa kanisa walilijadili jambo hilo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Waliamua kwamba mwongozo hufuata chungu, haufuati mgomba. Kuhusu kibanja, walisema kwamba mwongozo ni wa mtu na Mungu wake, na haifai mtu kumshurutisha mwenzake kwa jani ambalo hakuandikiwa yeye. Wanne kati ya wazee hao sita walikuwa wamekaa kwenye baraza la ukoo.

Kesho yake Aroni alimngoja Penina kaburini.

"Usikate tena majani hapa," alisema.

"Haya, shemeji. Nitafunika kwa sahani."

Sahani haikuandikwa kitu. Lakini Februari, Penina alipovuna njugu mawe na kuzipasua, kila punje ilikuwa na neno moja. Ilimbidi azipange kwenye ungo, na kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu hazikuja kwa mpangilio. Jirani yake Joviana, Mkatoliki, alimsaidia kupanga.

Aroni alikuja, akatazama ungo, akaomba mbegu. Penina akampa kibaba. Katika Nyanga hakuna mwanaume aliyewahi kulima njugu mawe, na Aroni alipoonekana rweya ameinamia jembe, wanaume waliokuwa wakienda kwenye pombe walisimama.

"Mama Aroni," mmoja aliita, "mkeka utasuka lini?"

Aroni aliendelea kulima. Alipalilia mwenyewe. Alipovuna alipata gunia moja na nusu, akazipasua zote peke yake uani, siku mbili mfululizo. Nusu ya punje zilisema rudisha, nusu zilisema kibanja.

Aliosha mikono, akaenda kwa Penina.

"Kwenye maneno yako yote," aliuliza, "habari za kibanja hazimo?"

"Niliuliza mara moja, shemeji."

Alitoa punje nne kutoka kwenye pindo la khanga, ambamo alikuwa amezifunga, akazipanga kwenye kiganja: Hilo nimekwisha kumwambia mwenyewe.

Aroni alizisoma mara mbili.

"Hakutaja jina langu?"

"Hakutaja."

"Lako hulitaja."

"Kila mara," alisema Penina, akazifunga tena punje zake.

Jumapili Aroni alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema kwamba Bwana husema naye kila siku, hajakosa hata moja, wala hajabadilisha neno. Kagaruki aliinamisha kichwa. Wazee waliitikia amina, kwa kuwa ilikuwa kweli. Penina, kwenye benchi la nyuma la wanawake, naye aliitikia.

Mchana Kokugonza alichemsha njugu za mumewe kwa chumvi, akafunika chungu kwa jani lililokatwa karibu na kaburi la Ishengoma. Alipofunua, alimpa Aroni jani bila kulitazama. Aroni alilisoma, akalikunja, akalitumia kushikia chungu kilichokuwa bado cha moto. Walikula. Alisema zimeiva vizuri, na kwamba mwaka huu atalima shamba kubwa zaidi.