Mkono wa Kulia Pipani

Asubuhi mchanganyaji wa chakula cha kuku alikunja mikono ya shati, akatumbukiza mkono wa kulia pipani na kukoroga unga wa kukuzia pamoja na mahindi na soya. Glavu alikuwa ameahidiwa tangu banda lilipoezekwa. Bosi alisema ziko njiani.

Gunia la unga lilielekeza kijiko kimoja kwa pipa. Bosi aliagiza kikombe. Kuku walinenepa mpaka miguu ikawavunjika kama vijiti vikavu, nao wakaendelea kula wamelala. Wengine walipasuka moyo, wakaangukia chakula. Wenzao waliwadonoa macho kwanza, kisha wakarudi kwenye pumba.

Mkono wa mchanganyaji nao ukanenepa. Mkewe alipasua mashati yote, mwishowe akaushonea shuka.

"Ukitaka kunikumbatia, mume wangu, tumia ule mwembamba," alisema.

Siku mfupa wa bega ulipovunjika kwa uzito, mlio ulikuwa uleule wa miguu ya kuku. Shemeji yake, mchinjaji wa pale pale bandani, alimlaza kwenye gogo lake la kuchinjia.

"Shemeji, usije ukanikata shingo kwa mazoea."

"Shingo yenyewe haina nyama. Nani atainunua hiyo? Tulia."

Panga lilishuka mara tatu. Damu ilifuata mfereji wake wa siku zote, na kuku waliokuwa karibu wakainama kunywa. Mkono ulianguka, ukajikokota sakafuni kwa vidole, ukaparamia pipa, ukaendelea kukoroga.

Bosi aliutazama huku akichokonoa meno.

"Mkono huu hauombi ruhusa, hauli mchana," alisema. "Kumbe mfanyakazi wangu alikuwa huu. Wewe kapumzike, ndugu yangu. Pumzika moja kwa moja."

Mchanganyaji alikwenda nyumbani. Watoto walikuwa wamekaa kuzunguka sufuria iliyofunikwa, na hakuna aliyejisumbua kuifunua.

Kesho yake alirudi, bega limefungwa kwa ile shuka.

"Bosi, nimebakiwa na wa kushoto. Nipe kazi."

"Huo nao unajua kukoroga?"

"Utajifunza kwa mwenzake."

Bosi akafikiri, akakubali.

"Na glavu?"

"Ziko njiani."

Shemeji yake, aliyekuwa akinoa panga mlangoni, alimkunjia mkono wa shati. Mchanganyaji akatumbukiza mkono wa kushoto. Ule wa kulia ukasogea pembeni, ukampisha.