Kidole cha Mzee Nangiro

Karani aliinua karatasi akaielekeza dirishani. Akachukua ya pili, kisha ya tatu.

"Mzee Lokaale, hizi alama zote za kidole ni za mtu mmoja."

Lokaale aliinama. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa kuona spoki iliyolegea hata gurudumu likizunguka, lakini vidole hivi hakuwahi kuvitazama. Alikuwa amehesabu idadi tu. Sasa aliliona kovu lile lile, limekata dole gumba kutoka juu mpaka chini, mara arobaini na nane.

Kovu la Mzee Nangiro, mkuu wa boma la wafugaji.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Januari 2013, saa nane mchana, na ofisi ya uchaguzi pale Kakuma ingefungwa saa kumi. Lokaale alitaka jina lake liwe kwenye karatasi ya kura ya wadi. Tiketi ya chama ilishatolewa mjini Lodwar, katika chumba cha hoteli, kabla mwanachama yeyote hajapanga foleni. Akaamua kusimama kama mgombea huru. Mgombea huru alitakiwa kuleta sahihi mia tano za wapiga kura wasio na chama. Miezi miwili alizitafuta kwa baiskeli, boma kwa boma.

"Hao watu wapo," alisema. "Namba za kitambulisho ni zao. Vijana walikuwa wanaenda na ng'ombe malishoni, mbali kule Lotikipi. Mzee akachinja dume, wakakula, wakakubali wote. Kwetu watu wakishakula, mzee ndiye anasema. Hakuna mtu anarudia."

"Naelewa. Lakini sheria inataka kila mtu na kidole chake. Mwingine hapa angeita polisi." Karani alipiga mstari, akapiga mwingine. "Mzee nitamhesabu mara moja. Unabaki na mia nne themanini na tisa."

Kwenye benchi aliketi Emuria, yule aliyepewa tiketi ya chama. Cheti chake kilikuwa ndani ya bahasha safi.

"Fundi, mimi karatasi yangu ni moja," alisema. "Na haijaguswa na mchunga ng'ombe."

Watu wa benchi wakacheka.

Lokaale alipanda baiskeli akarudi sokoni. Katika kibanda chake Marial alikuwa anaziba tairi. Marial alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, akiishi kambini, na kwa miaka sita walikuwa wametumia pampu moja.

"Kumi na moja tu?" alisema Marial. "Mimi na ndugu zangu tunazidi hao. Leta wino."

"Wewe huna kura."

"Niko hapa miaka kumi na tisa."

"Najua, ndugu yangu." Lokaale alikisogeza kikopo cha wino mbali na mkono wake.

Alikwenda kwa Akai, muuza nyama ya mbuzi. Akai aliweka kisu chini lakini hakunyoosha mkono.

"Mimi ni mtu wa chama," alisema.

"Tangu lini?"

"Hata mimi nauliza. Juzi Emuria alinionyesha orodha. Jina langu, namba yangu. Sahihi siijui."

"Si utoke?"

"Kutoka ni barua mpaka Nairobi, fundi. Wewe una saa ngapi?"

Alikuwa na saa moja. Alipita kwa wachoma makaa, kwa wabeba maji, kwa mganga wa meno. Wengi walikuwa wameshamtilia sahihi zamani. Wengine, kama Akai, walikuwa wanachama bila kujua. Alirudi ofisini saa kumi kasoro dakika tano, shati limemganda mgongoni, na sahihi nane.

Karani alihesabu mara mbili, polepole, kama mtu anayetumaini kukosea.

"Bado tatu."

"Wale vijana arobaini na saba wako Lotikipi. Wapo hai. Nipe siku mbili."

"Siku si zangu, mzee."

"Basi nimwambie nini Nangiro? Kwamba watu wake wote ni yeye tu?"

Karani alifunga faili.

Lokaale alipotoka nje ya lango, askari alikuwa akisukuma geti kulifunga. Mchanga ulikuwa umejaa chini yake, likakwama katikati.

"Ejok, mzee," alimsalimu kwa Kiturkana. " Nisaidie kidogo."

Lokaale aliweka karatasi zake chini, akazikandamiza kwa jiwe zisipeperuke. Akaegemeza bega kwenye chuma cha moto. Wakasukuma pamoja, askari ndani, yeye nje, mpaka komeo likaingia.