Neno la Mwisho la Kila Mstari

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili usije ukanidai ushujaa huko mbele. Watu wananiita Kifua, kwa sababu nikishika maikrofoni nachana mistari kumi na sita bila kusikika nikivuta pumzi, na kwa miaka tisa jina hilo limenibeba kuliko miguu yangu. Kwenye maonyesho yetu mashabiki walikuwa na mchezo wao: mimi nikianza ubeti mrefu, wao wanabana pua. Ukumbi mzima, watu wazima na akili zao, wameshika pua kama wanaopita jalalani, wanashindana nami. Mmoja mmoja wanaachia, wanahema, wanacheka, na mimi bado nakwenda. Hakuna aliyewahi kunishinda.

Ulikuwa uongo. Hakuna kifua cha namna hiyo duniani.

Siri ilikuwa Mkia. Kundi letu lilikuwa la watu watatu: mimi, Mkia, na jamaa mmoja mpole aliyetutengenezea midundo. Kazi ya Mkia, kama watu walivyoiona, ilikuwa kukazia: neno la mwisho la kila mstari analipiga pamoja nami ili lishike. Kumbe hakulipiga pamoja nami. Alilipiga peke yake. Mimi nikifika kwenye neno hilo nafunga mdomo, nageuza shingo kidogo upande wake, nakunywa hewa kwa pua, naye analisema kwa sauti yangu. Alijifunza sauti yangu mpaka mama yangu mzazi, akipigiwa naye simu, anamwita mwanangu. Tulifanya hivyo kila wimbo, miaka tisa, na hata yule wa midundo alikuja kugundua mwaka wa tatu.

Kisha nikaondoka. Sababu nilizowapa watu zilikuwa nyingi, ila nikizitazama leo ni moja tu: nilichoka kukaa na mtu anayejua. Popote nilipokuwa nikisifiwa, yeye alikuwa kwenye kochi la pili ananitazama, wala hasemi kitu. Mtangazaji mmoja wa redio akaniuliza itakuwaje bila mwenzangu. Nikamjibu kwamba mkia ukikatwa, mnyama anaendelea na safari yake. Studio nzima ikacheka. Kichwa kikavimba, nikaongeza: albamu yangu inaitwa Pumzi Moja, nitaizindua mubashara, hakuna sauti ya kuwekwa nyuma, na mkinisikia napumua, ondokeni mwende makwenu.

Mdomo huu, jamani.

Albamu niliirekodi kwa wiki sita kwenye chumba cha fundi wa sauti, dada mmoja mwenye miwani mikubwa asiyependa maneno mengi. Ukutani kumebandikwa magodoro, feni imezimwa isije ikasikika kwenye kazi, jasho linatutiririka wote wawili. Nilikuwa nachana mstari, nikifika mwisho nafunga mdomo, naye anasimamisha mtambo na kusema, "Sawa. Sasa nipe lile neno la mwisho." Nampa. Tunakwenda mstari unaofuata. Yeye alidhani ndiyo staili yangu. Mimi nilidhani ndiyo staili yake. Nyimbo kumi na mbili tukazimaliza hivyo, kipande kwa kipande, akaziunganisha, zikatoka safi, nikajisikiliza na kujikubali kabisa.

Siku kumi kabla ya uzinduzi nilisimama jikoni kwa mama, asubuhi, nimeshika mwiko badala ya maikrofoni, mdundo wa wimbo wa kwanza unalia kwenye simu. Wimbo unaanza hivi:

*Nimetoka peke yangu, sihitaji wa kunishika mkono,*
*Mkia nimeuacha njiani, na safari bado ndefu mno.*

Nikaanza. Nimetoka peke yangu, sihitaji wa kunishika... na mdomo ukafunga. Wenyewe, kama mlango wenye springi. Nikarudia, ukafunga. Nikajaribu polepole, nikajaribu nimekaa, nikajaribu kulisema lile neno lenyewe. Peke yake lilitoka bila shida. Ndani ya mstari halikutoka. Na kwenye kazi yetu vina vyote viko mwisho wa mstari. Nilikuwa nimeandika nyimbo kumi na mbili za vina nisivyoweza kuvitamka, na tiketi za ukumbi zilikuwa zimekwisha.

Nikakaa sakafuni.

Mama ni mkunga mstaafu. Alikuwa mezani anakunja nguo, na kumbe alikuwa ananitazama tangu mwanzo.

"Mwanangu, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, mama."

"Unamngoja. Ukifika pale mwisho unasimama, unatazama pembeni. Na huko pembeni kuna friji."

Kweli lilikuwepo friji. Upande wa kushoto, pale Mkia alipozoea kusimama. Nikamweleza mama kila kitu, miaka yote tisa, nikiwa palepale sakafuni na mwiko wangu mkononi. Alikunja shuka moja mpaka ikaisha ndipo akanijibu.

"Basi kabla ya neno, hema kwa mdomo, kwa nguvu. Mdomo ukiwa wazi utafungaje?"

"Watanisikia."

"Wasikie. Nimewashika mkono wanawake sijui wangapi, wamehema kama treni mbele ya watu wasiowajua, na sikumwona aliyeona haya. Wewe unaogopa kujulikana una mapafu?"

"Nimewaambia wakinisikia waondoke."

"Hilo sasa umejitakia," mama akasema, akachukua shuka nyingine.

Kuanzia siku hiyo hofu ikahamia kwangu na virago vyake. Nikipanda ngazi najisikiliza ninavyohema, nikisalimiwa njiani naogopa kujibu, maana niliona kabisa nikisema "habari za" halafu "asubuhi" inagoma. Nikampelekea fundi wa sauti shida yangu. Akavua miwani, akaifuta.

"Kaka, hili dogo. Nayaweka maneno yote ya mwisho ndani ya mdundo. Wewe chezesha mdomo tu. Nani atajua?"

"Wewe utajua," nikamwambia.

Nilimwona tayari amekaa kwenye kochi la pili. Nikamuaga.

Zilipobaki siku tatu nikaenda kwa Mkia. Tangu kundi livunjike alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vioo la mkwe wake, mtaa wenye mafundi wa kila aina. Nilipita mlangoni mara mbili kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Mara ya tatu mke wake akanikamata kwa macho kutoka kwenye kaunta.

"Shemeji! Umepotea. Nilidhani mnyama ameshafika mwisho wa safari yake."

Nikacheka kicheko kibaya. Akaninyooshea kidole kuelekea nyuma.

Mkia alikuwa ameinama juu ya meza iliyotandikwa blanketi, kioo kirefu mbele yake, rula upande mmoja, kalamu ya kukatia mkononi. Aliinua kidole: ngoja. Kalamu ikalia kutoka upande huu mpaka ule. Akakigonga kioo kwa chini, akakibonyeza, kikaachana palepale alipotaka. Ndipo akahema.

"Karibu, Kifua."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia mbali, afya, watoto, biashara. Yote yakanikimbia.

"Njoo usimame nami, ndugu yangu. Wimbo wa kwanza tu. Hata nyuma ya pazia. Siwezi kumaliza mstari."

Aibu niliisikia mpaka masikioni. Mkia hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akatoa daftari chini ya karatasi za kufungia vioo, akanipa.

"Unadhani mwenzako niko salama? Na mimi nilianza albamu yangu. Fungua."

Nikafungua. Kila ukurasa ulikuwa mweupe, isipokuwa ukingo wa kulia. Huko kuliandikwa neno mojamoja, moja chini ya jingine, vina vizuri vilivyopangika kuanzia juu mpaka chini: *moto, mto, mtoto, mkato, msuto.* Mbele ya kila neno palikuwa patupu. Nikapekua kurasa kumi, ishirini. Zote zilikuwa vilevile.

"Sina mwanzo," akasema. "Mwisho naujua wote. Ila nikifungua mdomo nianze, naona kizunguzungu. Nabaki nasubiri mtu aanze."

Nilikuja nimejiandaa kwa hasira. Hasira ningeiweza, ningeomba msamaha, ningepiga hata magoti. Lakini usoni kwake niliiona hofu yangu mwenyewe imekaa kwa nafasi, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Kwa hiyo utakuja?" nikauliza, maana mwoga akishaanza kuomba hajui kuacha.

"Nikija nikakutolea neno, hatutoki humu tena. Wewe na mimi. Mpaka tuzeeke." Akavuta kioo kingine, akaweka rula. "Usinisemeshe nikikata."

Kwenye mfuko wangu kulikuwa na daftari la nyimbo zangu. Nikaliweka pembeni mwa meza, limejaa mianzo, nikaondoka. Sikumwambia lichukue, naye hakuniambia liondoe. Ndani yake, ukurasa wa kwanza, mstari wa pili, kulikuwa na kile nilichomwandikia kuhusu mkia ulioachwa njiani. Nilikumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani, na sikuwa na ujasiri wa kurudi kulifuata.

Uzinduzi ulikuwa saa kumi alasiri. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba kidogo chenye sinki, na nilijua rangi ya sinki lile kuliko ya kuta, kwa kuwa niliinamia hapo nusu saa nzima. Fundi wa sauti akagonga: "Kaka, muda." Mikono ilikuwa imelowa mpaka maikrofoni ikateleza. Nikaifuta kwenye shati, nikatoka.

Watu mia nne. Makelele ya kuniita yalinipiga kifuani hasa pale penye uongo. Mama alikuwa safu ya mbele, mkoba magotini. Na safu ya tatu, upande wa kushoto, shemeji, na pembeni yake Mkia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, vidole vimezama mashavuni. Sikujua kama ameziba ili asinisaidie au ili asinicheke.

Mdundo ukaanza. Mikono mia nne ikapanda, wakabana pua.

"Nimetoka peke yangu, sihitaji wa kunishika..."

Mdomo ukafunga. Shingo ikageuka kushoto yenyewe. Mkia alitikisika kama aliyepigwa shoti, nikaona koo lake linapanda na kushuka, neno limemfika kwenye meno. Akaongeza mkono wa pili juu ya wa kwanza. Halikutoka. Mdundo ukaendelea kupiga peke yake, mstari wa pili ukapita mtupu, wa tatu ukapita mtupu. Juu ya zile pua zilizobanwa niliona macho, mengi mno, yananitazama. Mtu wa nyuma akasema "Heee!" Nikajua kwamba naweza kufa nimesimama, mbele ya watu, nikiwa mzima wa afya.

Safu ya mbele mama akafungua mdomo. Alivuta pumzi pana, mabega yakapanda, akaishusha, kama alivyowafanyia wale wanawake wake wote. Hakunikonyeza wala kutabasamu. Alikuwa kazini.

"Nimetoka peke yangu, sihitaji wa kunishika," nikaanza tena, na kabla mdomo haujafunga nikahema. Kwa kinywa, ndani ya maikrofoni. Sauti ile ikajaa ukumbi, kubwa, mbaya, sauti ya mtu aliyeibuka majini. Kisha, limechelewa, limepinda, likatoka: "Mkono."

Watu wakaachia pua. Nilisikia mia nne wanahema kwa pamoja. Hakuna aliyepiga makofi. Karibu na mlango vijana wawili wakatazamana, wakanyanyuka, wakatoka, kama nilivyowaagiza mwenyewe. Wengine wanne wakawafuata. Niliwahesabu mmoja mmoja.

Na sasa ulikuwa umefika mstari wa pili. *Mkia nimeuacha njiani.* Yeye alikuwa safu ya tatu, anautazama mdomo wangu. Siku ya kuuandika nilikuwa nacheka. Hapa haukuwezekana. Nilifikiria kuuruka. Nilifikiria kuzimia, na ningeweza. Mdundo ulikuwa unanisubiri kwa adabu, kisha ukaacha adabu.

Nikageuka kushoto mara ya mwisho. Mkia alikuwa ameshusha mikono yote miwili. Uso umemtoka jasho, macho ameyafumba kama mtu anayeruka ukuta asioujua upande wa pili. Midomo yake ilikuwa inacheza, bila sauti, na niliisoma waziwazi kutoka jukwaani: *Mkia nimeuacha.*

Alikuwa ameanza. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikuwa mbele yangu, na kwa mstari ule wa kumtukana yeye.

Hofu haikuniachia hata kidole kimoja. Nikahema tena, ukumbi mzima ukanisikia, nikamfuata.