Jiwe la Kusagia Uwanjani

Mjukuu wangu Loveness alirudi kutoka shuleni akilia. Aliwaambia wenzake wa darasa la nne kwamba uwanja wao wa mpira ulikuwa kwetu zamani, wakamwita mwongo. "Historia iko kitabuni," walimcheka. "Bibi yako yuko ukurasa wa ngapi?"

Kesho yake nikaenda. Mwalimu Enock akaniamkia, akawatoa watoto wote nje.

Nikawaonyesha minyaa nyuma ya goli. "Huu ulikuwa uzio wetu. Mwaka sabini na nne tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, lori lilijaa, jiwe la kusagia la mama likakosa nafasi. Akalifukia, akanihesabisha hatua thelathini kutoka kwenye minyaa ili tusilisahau."

Nikahesabu. Miaka hamsini si mchezo! "Haya, chimbeni!"

Wakachimba wee, hakuna kitu. Bujiku, mtundu wa darasa, akasema, "Bibi, labda lilitembea!" Wakaangua kicheko. Loveness akainamisha uso.

Jamani, ndipo nikakumbuka! Hatua zile zilikuwa za mtoto wa miaka tisa, si za bibi mrefu kama mimi. "Loveness, hesabu wewe."

Alipofika thelathini wakachimba tena. Jembe likalia ngaa!

"Almasi!" Bujiku akapiga kelele.

"Almasi gani, ni jiwe letu!" Loveness akajibu, anarukaruka, mkono wake kwenye kibonyeo cha jiwe kilichochimbwa na mikono ya mama yangu kwa kusaga.

Bujiku akanishika kanga. "Bibi, na kwetu zamani kulikuwa wapi?"