Rozari ya Uani

Wiki ya mwisho ya uhai wake, mwaka 1956, bibi yangu Felista hakuomba dawa wala chakula. Aliomba wenzake wa rozari. Pamoja naye walikuwa wazee saba pale kijijini Kakese, na kila Jumatano walisali nyumbani kwa mmoja wao. Sasa kwetu hakuna aliyekuja.

Kosa lake lilikuwa kula ubwabwa kwenye hitima ya Zubeda, shoga yake Mwislamu waliyepakana naye mashamba ya mpunga miaka ishirini. Katekista Gaspar alitangaza kanisani kwamba mtu asiingie kwa Felista mpaka apige magoti mlangoni pa kanisa, atubu mbele ya watu.

"Nitubu kumlilia Zubeda?" bibi aliuliza. Kisha miguu ikamvimba, na hata angetaka asingefika.

Jumatano hiyo nilikwenda kwa Generosa, mkubwa wa wale wazee wa rozari. Alikuwa anapepeta mahindi, hakunitazama.

"Anapumuaje?"

"Kwa shida, bibi."

"Mkaidi huyo! Magoti mara moja tu, yangekwisha." Akaweka ungo chini. "Na mimi nikitengwa, nani atanizika?"

 Nikarudi nyumbani.

Saa kumi jioni nikasikia miguu uani. Walikuwa wote sita, wamesimama nje ya mlango.

"Gaspar amekataza kuingia," Generosa alisema. "Uani hakukutaja. Felista! Umelala, mvivu wewe?"

"Nawangoja nyie wachelewaji," bibi alijibu kutoka kitandani.

Wakaanza. Wao walitangulia, yeye akaitikia kwa sauti nyembamba. Katika fungu la pili la rozari Gaspar akafika na baiskeli, akasimama njiani. Mmoja wao akaficha rozari yake kwenye khanga, akaondoka. Generosa hakugeuka.

Fungu la tatu, bibi hakuitikia.

Generosa akarudia Salamu Maria, kwa nguvu zaidi. Akasogea mlangoni.

"Bibi Generosa," Gaspar aliita. "Usivuke hapo."

 Generosa akavua viatu vyake vya katambuga, akainama chini ya nyasi za paa, akaingia. Bibi alikuwa bado anapumua, macho wazi, ulimi umekataa. Generosa akamshika vidole juu ya rozari, akaitikia kwa niaba yake. Mmoja mmoja, wale wanne wakaingia.

Alikata roho kabla jua halijazama, wote watano wamekaa sakafuni. Gaspar alikuwa bado njiani, ameshikilia baiskeli yake.