Choo cha Bluu cha Kampuni

Ghala la tumbaku liko hapa Misunkumilo, mkabala na kibanda changu cha uji. Wanawake arobaini hupanga majani kwa madaraja kutwa nzima, na miaka yote wamekuwa wakijisaidia vichakani. Luhende wa shirika la haki za wafanyakazi aliwaandikia wenye kampuni barua hadi Ulaya. Baada ya mwaka na nusu wakamjibu kwa picha: choo kipya, rangi ya bluu, mlango wa bati.

Picha ilikuwa ya kweli. Ila choo hakikuwa na shimo.

Mjukuu wangu Katarina, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliyemwambia Luhende. Kesho yake msimamizi, Respicius, akamfukuza kazi kwa kosa la kuichafulia kampuni jina.

Luhende akaandika tena. Jumanne akaja mkaguzi kutoka Ulaya, Bi Helga, mama mtu mzima aliyejifunza Kiswahili Morogoro. Respicius alimtembeza ghalani, kisha akamwonyesha choo kwa mbali, kwa heshima, kama anamwonyesha kaburi la askofu.

Nikamkaribisha uji wa karanga. Vikombe vitatu nilimpa kwa upendo. Cha nne, Mungu anisamehe, nilimpa kwa ajili ya Katarina.

Hakukimaliza. Alianza kubana miguu.

"Samahani Bibi, msalani ni wapi?"

"Si ni kile cha bluu, mwanangu? Umeshaonyeshwa."

Respicius aliruka. "Mheshimiwa, twende hotelini mjini. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi sina."

Akaingia. Akatoka.

"Bwana Respicius, hakuna shimo."

"Liko kwenye mpango."

"Na wafanyakazi wanafanyaje?"

"Wanavumilia."

Wanawake waliokuwa wamejaa mlangoni mwa ghala walicheka hadi wakaegemeana.

"Nyie, rudini kazini," Respicius akasema.

"Tunavumilia kwanza," mmoja akamjibu.

Nikamshika Bi Helga mkono, nikampeleka chooni kwangu. Mlango wangu ni gunia, na siku hiyo kulikuwa na upepo, kwa hiyo nilisimama nje nimelishika. Alipotoka alinawa, akanishukuru mara mbili, akamwomba Luhende, aliyekuja naye, nakala ya ile barua ya pili. Akaketi kwenye benchi langu akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Hapo nilimpenda. Wengine wangepanda gari.

"Katarina ni nani?"

Katarina alikuwa anaosha vikombe nyuma yangu. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Ni mimi, mama."

Bi Helga akamgeukia Respicius. "Huyu anarudi kazini kesho. Na shimo linaanza kuchimbwa leo."

Respicius akaitikia. "Sawa. Saa moja na nusu asubuhi, Katarina. Usichelewe."

"Kesho nina kliniki, kaka," Katarina akasema. "Nitakuja keshokutwa. Nyie endeleeni kuchimba."